TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Kumlipa wa kukufundisha usaili

Kijana wetu kauliza: "Sheikh, nimeitwa kwenye usaili. Kuna mtu anafundisha namna ya kujibu, ila anataka hela. Nikimlipa, si nimekosa tawakkul?"

Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimuomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi. Papo hapo akaomba apewe nduguye Harun, aliyekuwa fasaha zaidi (Taha 25–34, Al-Qasas 34). Dua na msaidizi, vyote viwili. Basi kujifunza kujieleza si kukosa tawakkul, na anayefundisha ana haki ya ujira wake.

Ila tazama anakuuzia nini. Akikufundisha kutulia na kueleza kazi uliyoifanya kweli, mlipe. Akikutungia uzoefu usiokuwa nao, huo ni uongo. Akisema "nina mtu wangu ndani", hiyo ni rushwa, kimbia.

Na kama hela yenyewe ni ya futari ya nyumbani, usiiguse, wala usikope. Humu msikitini wamo waliowahi kusaili watu. Baada ya tarawehe mfuate mmoja, mwombe akuulize maswali.

Allah awafungulie milango ya halali. Amin.