Msafiri Abebe Nini

Masika yakiisha, Mungu akipenda, nitaondoka Dar es Salaam kwa pikipiki, peke yangu, kwenda Kigoma. Kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi na Tabora, kisha Urambo, Kaliua na Uvinza, mwendo huo ni zaidi ya kilometa 1,200, na kurudi ni vivyo hivyo. Watu wanaosikia habari hii huniuliza kwa nini nisipande basi au treni. Swali hilo halinisumbui. Mtu aliyestaafu, ambaye miaka yake yote amesafiri kwa kutumwa na ofisi, ana haki ya kusafiri mara moja kwa kutumwa na nafsi yake. Linalonisumbua ni swali jingine, nalo lilinijia nilipoanza kupanga mzigo: mtu anayesafiri peke yake abebe nini, na awaachie watu wa njiani wampe nini?

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni swali la fundi, wala halihusiani na maadili. Mimi naona ni la maadili tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kinachotiwa mfukoni ni jibu la swali moja: namtegemea nani? Mwenye kubeba chakula cha siku kumi anasema hataki kumtegemea mama ntilie. Mwenye kubeba panga kiunoni anasema anamwogopa mtu ambaye bado hajakutana naye. Na yule asiyebeba kitu anasema, hata kama hajui kwamba anasema: wengine watanibeba.

Mwenye gari anaweza kulikwepa swali hili, kwa kuwa gari hupakia yote. Pikipiki haina huruma hiyo. Yangu ni Boxer ya 150, kama zile za bodaboda, na nimeichagua kwa sababu spea zake hazikosekani katika miji midogo, wala hakosekani fundi anayeijua. Lakini mzigo ukiwa mwingi nyuma na juu, gurudumu la mbele hupungua uzito na usukani huanza kuchezacheza, hasa kwenye mchanga na kokoto. Vitu vizito lazima vikae chini na karibu na katikati, na nafasi ya huko ni ndogo. Kwa hiyo ni lazima kuchagua, na kuchagua ndiko kunakomlazimisha mtu kufikiri.

Tuanze na neno lenyewe, "peke yangu". Njia nitakayoifuata inakaribiana sana na njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na Unyanyembe, ambako leo ni Tabora, hadi Ujiji. Vitabu vya shule vilitufundisha kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji, kana kwamba wanaume wawili walikuwa wakitembea kila mmoja kivyake katika nchi isiyo na watu. Ukweli ni kwamba Stanley alitoka Bagamoyo na karibu watu 200, wengi wao wapagazi, waliobeba nguo, shanga na nyaya vichwani na mabegani. Naye Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akina Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874. Mtu anayeitwa msafiri pekee alibebwa na wengine akiwa hai, akabebwa na wengine alipokufa.

Mtu atasema kwamba pikipiki imebadilisha mambo hayo. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja, Robert Edison Fulton, alitoka London kwa pikipiki aina ya Douglas, akaizunguka dunia kwa muda wa karibu mwaka mmoja na nusu. Kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo kilitoka mwaka 1937, na jina lake kwa Kiswahili tungesema "Msafara wa Mtu Mmoja". Ni jina zuri, lakini lina fumbo ndani yake. Msafara hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Injini imechukua mahali pa wapagazi, hilo ni kweli. Haikuchukua mahali pa aliyechimba kisima, aliyechonga barabara, anayeuza petroli, na anayemwonyesha mgeni pa kulala.

Basi kuna njia mbili za kufunga mzigo, na kila moja ina wema wake na ubaya wake.

Njia ya kwanza ni kubeba kila kitu. Wema wake ni kwamba humsumbui mtu. Ubaya wake hauonekani upesi. Mtu aliyebeba hema lake, jiko lake, maji yake na chakula chake hana sababu ya kusimama popote, wala ya kumwamkia mtu yeyote. Anapita vijijini kama mvua inayopita bila kunyesha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nadhani hawakuwa na maana ya zawadi za mgeni tu. Mwenyeji hupona kwa kupata nafasi ya kuwa mwenyeji: kutandika mkeka, kuuliza habari za utokako, kusikika. Mgeni asiyehitaji kitu humnyima mwenyeji nafasi hiyo. Tena kutohitaji watu ni kiburi kinachojificha ndani ya adabu. Asiyetaka kuomba huanza polepole kutotaka kuombwa.

Njia ya pili ni kwenda mikono mitupu na kutegemea ukarimu wa watu. Wako wanaoisifu njia hii kana kwamba ni imani kuu. Mimi naiogopa kuliko ile ya kwanza. Ukarimu wetu una nguvu ya sheria, na mwenyeji wa kijijini hawezi kumwambia mgeni hapana. Mgeni akifika jioni, kuku atachinjwa, hata kama kuku huyo alikuwa ndiye daftari na kalamu za mtoto. Akiomba maji katika nchi kavu, atapewa, ingawa ndoo hiyo imetoka mbali kichwani mwa binti wa nyumba ile. Atashukuru, ataondoka, na jirani zangu wa mjini watasimuliwa jinsi watu wa bara walivyo wakarimu. Gharama yake hatuisikii. Wahenga waliijua vizuri, ndiyo maana walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Hapa neno moja la zamani limenisaidia. Siku hizi hongo tunaijua kwa maana ya rushwa tu. Wakati wa misafara, hongo ilikuwa ni ada aliyoitoa msafiri kwa mtawala wa nchi aliyoipita, na Ugogo ilijulikana sana kwa hongo kubwa. Wasafiri waliilalamikia katika maandishi yao. Lakini hebu tulitazame jambo hilo kwa macho ya mwenye kisima. Msafara wa mamia ya watu ukinywa katika nchi yenye maji machache, kesho yake wenyeji hubaki na matope. Aliyedai hongo alikuwa anamwambia mpita njia jambo la haki kabisa: safari yako ina gharama, na gharama hiyo inamwangukia mtu.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni moja. Nitabeba kila kitu ambacho nikikikosa, mtu mwingine atakilipia bila kuchagua. Nitaacha vile ambavyo mtu akinipa hapungukiwi, au nikivinunua kwake atafaidika. Kwa kanuni hiyo nimebeba tyubu mbili, viraka na gundi yake, pampu, spana, plagi, waya wa klachi na waya wa breki. Pancha ikitokea porini, sitaki dereva wa lori aache safari yake kwa sababu mimi nilitaka kwenda mwepesi. Nimebeba maji lita tano, dawa ya malaria, bandeji, na fedha taslimu za kutosha, kwa kuwa pesa za simu hazina maana pasipo na mtandao.

Hema na jiko nimeviacha. Nitalala gesti na kula kwa mama ntilie, ili wao wauze nami nipate mtu wa kuzungumza naye. Panga pia nimeliacha, ingawa watu wawili ninaowaheshimu walinishauri nilichukue. Sidai kwamba njiani hakuna watu wabaya. Lakini silaha iliyobebwa kwa ajili ya watu hubadilisha macho ya aliyeibeba, na mimi sendi Kigoma kuwatazama watu kwa macho hayo. Na njia nitauliza kwa mdomo, hata kama simu inaijua. Kumwonyesha mgeni njia hakumgharimu mtu, na kila anayeonyesha hujiona kidogo kuwa mwenye nchi.

Hata hivyo kanuni yangu ina upungufu mmoja mkubwa, na aliyeuona ni mke wangu. Nilipomweleza, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Zawadi, umewahesabu watu wa Itigi na watu wa Urambo. Sisi wa nyumba hii umetuweka fungu gani?" Sikuwa na jibu la haraka. Mzigo mkubwa wa safari ya hatari hawaubebi watu wa njiani. Wanaubeba wale waliobaki: wanaosikiliza simu usiku, ambao ndio watakaokuja hospitalini, ambao ndio watakaouza kiwanja. Hao hawakuchagua, na hakuna tyubu ya akiba inayoweza kuwalipa.

Je, basi, mtu mwenye familia ana haki ya kujitia hatarini kwa ajili ya shauku yake? Nimelifikiri sana. Akijibiwa kwamba hana, basi hakuna mtu atakayetoka mlangoni, kwa kuwa kila mtu ni wa watu. Akijibiwa kwamba anayo kwa sababu maisha ni yake, jibu hilo ni la uongo. Maisha yangu hayajawahi kuwa yangu peke yangu. Nadhani haki hiyo ipo, lakini ni haki ya kupewa. Wanaoweza kuitoa ni wale watakaolipa. Kwa hiyo niliacha kumwarifu mama Zawadi, nikamwomba ruhusa, nikimaanisha kwamba akikataa pikipiki itabaki uani. Alikaa siku nne. Kisha akakubali kwa masharti matatu: nisiendeshe usiku, nipige simu kila jioni kabla ya kula, na nisiache jambo la nyumba hii bila kulimaliza.

Hilo sharti la tatu limenirudisha kwenye maandalizi ya wazee wetu wa pwani, ambao kabla ya kufunga mzigo walilipa madeni, wakarudisha amana za watu, wakaacha masurufu ya nyumbani, wakaenda kwa jirani na ndugu kuombana radhi. Zamani nilidhani hiyo ni mila ya watu wa majahazi. Sasa naona kwamba ni nusu kubwa ya mzigo, ile isiyofungwa kwa kamba. Nimelipa deni la mabati. Nimeandika karatasi yenye majina ya wanaonidai na ninaowadai. Ndugu yangu mmoja, ambaye hatukuzungumza kwa miaka sita, nimekwenda kwake; tulikunywa chai, na alipotoa mkono hakuutoa kwa haraka.

Kwa hiyo nitaendelea kusema nasafiri peke yangu, maana ndivyo watu wasemavyo, lakini najua maana yake ni ndogo: kiti cha nyuma hakina mtu. Mfuko mmoja nimeuacha mtupu. Wa kwenda utabaki hivyo. Wa kurudi utakuwa na asali ya Tabora na dagaa na mawese ya Kigoma, kwa ajili ya wale waliokaa nyumbani wakiibeba safari yangu.