Je, Kupumzika Nako ni Wajibu?

Liko swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa vitendo bila kulifikiri: mtu mwenye bidii apumzike lini? Jibu la kawaida ni hili, "Nitapumzika nikimaliza kazi." Nalo lasikika kuwa jibu la mtu mwema. Tulilelewa kwa methali isemayo achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Tulikua tukisikia wito wa Uhuru na Kazi. Na Mtume Paulo aliwaonya Wathesalonike waliotaka kula pasipo kufanya kazi. Hatukusudii kuyapinga mafundisho hayo hata kidogo. Twataka kuonyesha tu kwamba jibu lile, pamoja na wema wake, lina kosa ndani yake, na kosa hilo halimwumizi yule alisemaye peke yake.

Tuanze na shule, kwa kuwa huko ndiko tulikofanya kazi. Chuoni, mwalimu mwanafunzi hufundishwa kutengeneza ratiba ya siku na azimio la kazi la mwaka. Katika ratiba, mapumziko huwekwa katikati ya vipindi kwa saa yake, na kengele ikilia watoto hutoka, hata kama mwalimu wa hesabu hajamaliza mfano wake wa mwisho. Hakuna mwalimu mkuu asemaye kwamba watoto watatoka nje siku hesabu zitakapokwisha, maana hesabu haziishi. Katika azimio la kazi, likizo za Juni na Desemba, na zile fupi za katikati ya mihula, huandikwa kwanza. Kisha mada hugawanywa katika majuma yanayobaki. Mwalimu anayepanga mada kwanza na kutafuta likizo baadaye hujikuta anahitaji mwaka wenye majuma sitini.

Basi, jambo tunalolijua vizuri kwa watoto, kwa nini tunalisahau kwa watu wazima? Kazi za watu wazima nazo haziishi. Hapa penye miteremko ya Meru mvua za masika huanza Machi na mahindi hayangoji. Kahawa huiva kuanzia katikati ya mwaka, nayo haingoji. Migomba hutaka kupaliliwa mwaka mzima, na ng'ombe wa ndani hutaka majani kila siku, hata siku ya Krismasi. Mjini Arusha, duka halijai mara moja likatosha, na meza ya ofisini ikisafishwa leo, kesho ina makaratasi mengine. Mtu anayengoja kazi iishe ndipo apumzike amekwisha kuamua kutopumzika, ila hajajua kwamba ameamua.

Huenda mtu akasema, "Hilo ni shauri lake. Akichoka, amechoka yeye." La hasha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu huu uliopindukia katika orodha yake ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, bali hali itokanayo na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa vema. Likataja dalili tatu: nguvu humwishia mtu, moyo wake hujitenga na kazi hata akaidharau, na kazi yenyewe huharibika mikononi mwake. Tuitazame ile dalili ya pili. Mwuguzi aliyekuwa mpole sasa humkaripia mgonjwa. Mwalimu aliyependa maswali sasa huyaona kuwa usumbufu. Karani hainui hata uso kumtazama mzee aliyesimama dirishani. Watu hawa hawakuzaliwa wakali. Wamechoka, na uchovu wao unalipwa na wengine. Hapo ndipo kupumzika kunapoacha kuwa shauri la mtu binafsi na kuwa jambo la haki na wema.

Hata uhai umo hatarini. Mwaka 2021 Shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, yalitoa makadirio kwamba katika mwaka 2016 watu 745,000 ulimwenguni walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Kamba hukatikia pembamba, na anayeivuta mara nyingi haoni pembamba ni wapi.

Sheria ya nchi yetu imelifikiri jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zinazoangukia humo zikiwa zimehesabiwa. Mwajiri ndiye mwenye kuamua likizo itachukuliwa lini, lakini isipite miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kwisha. Na miezi 12 tu ikiwa mfanyakazi amekubali na kazi kweli inadai hivyo. Siku ambazo mfanyakazi ameziomba mwenyewe hapa na pale, akapewa kwa malipo, zaweza kupunguzwa katika zile 28. Kwa hiyo asiyepanga mwaka wake hushangaa Novemba kuona likizo yake imekwisha kuliwa vipande vipande, wala hakumbuki ilikwenda wapi.

Tena sheria hiyo inasema kwamba mwajiri asimtake mfanyakazi, wala asimruhusu, kumfanyia kazi akiwa likizoni. Katika neno hilo la kutoruhusu mna hekima kubwa. Mtunga sheria alijua kwamba mara nyingi si mwajiri anayemvuta mtu arudi, bali mtu mwenyewe anayejitolea, kwa hofu au kwa majivuno, akidhani kwamba ofisi haiwezi kwenda bila yeye. Siku hizi hahitaji hata kupanda basi. Simu iliyo mfukoni yatosha. Twaona kwamba kukataa kupumzika, mara nyingine, ni namna ya kujifanya mwenye kazi, hali sisi sote tu watumishi tu.

Sasa tuitazame likizo yenyewe inavyotumika kwetu. Wengi huirundika yote Desemba. Mabasi hujaa, familia hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nasi twafurahi kuonana. Lakini katika siku hizo kuna vikao vya harusi, michango, ujenzi wa nyumba uliongoja mwaka mzima, kutembelea wazee, na kuwazia mahitaji ya shule ya Januari. Mtu hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka. Mambo hayo ni mema na ni wajibu, lakini tusiyaite mapumziko. Wako pia wasioweza kabisa kupumzika Desemba: waongoza watalii na wapagazi hupata kazi nyingi tangu Juni na Julai, na tena mwishoni mwa mwaka, yaani wakati ule ule watoto wao wako nyumbani. Siku zao za kupumzika huja Aprili na Mei, mvua inaponyesha na wageni ni wachache. Familia kama hiyo isipopanga mapema, baba na watoto wataishi nyumba moja kama wapangaji.

Na wakati wageni wa Desemba wameketi sebuleni, ni nani aliye jikoni? Hapa tumefika penye kiini cha swali letu. Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, lilipima saa za kazi za watu wa nchi hii. Lilimhesabia mfanyakazi wa mjini saa kama 45 kwa juma, pamoja na majuma mawili au matatu ya likizo. Kisha likasema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kupita wengine wote, pengine saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Tangu siku ile mengi yamebadilika, lakini twaomba kila msomaji aangalie nyumbani kwake kama hesabu hiyo imebadilika. Likizo ya mmoja, ikipangwa bila kufikiri, huwa ni nyongeza ya kazi ya mwingine. Baba aja kupumzika. Mama apika mara mbili.

Amri ya nne haikupangwa hivyo. Katika Kutoka sura ya 20, siku ya kupumzika haikupewa mwenye nyumba peke yake. Wametajwa mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama, hata mgeni. Mke hakutajwa kwa jina, nasi twaamini ni kwa sababu yumo katika neno "wewe" pamoja na mumewe. Na katika Mambo ya Walawi sura ya 25, hata ardhi ilipewa mwaka wake. Mapumziko yasiyomfikia msichana wa kazi aliye jikoni hayajatimiza amri hiyo. Na msichana huyo, kwa sheria ya 2004, ni mfanyakazi kama wengine, wala likizo si hisani anayofanyiwa.

Yupo atakayetujibu, "Mwalimu, hayo ni ya wenye mshahara. Kijana wa bodaboda asipopata hesabu ya tajiri leo, kesho hana pikipiki. Na mama wa ndizi asipofika sokoni Tengeru, watoto hawali." Ni kweli, wala hatuwezi kumwambia mtu mwenye njaa kwamba kulala ni wajibu wake. Lakini wajibu usioweza kubebwa na mmoja hugawanywa. Mwenye pikipiki anaweza kusamehe hesabu ya siku moja katika juma. Akina mama wawili wa soko moja wanaweza kuuziana bidhaa kwa zamu. Watu wa Meru tunaijua zamu. Katika mifereji yetu ya maji, kila shamba lina siku yake na saa yake; hakuna anayengoja mwenzake ashibe ndipo apate, maana shamba la juu halishibi kamwe. Zamu hupangwa kabla, kila mmoja aijue, na anayeziba mfereji siku isiyo yake huambiwa amekosa. Mapumziko nayo ni maji ya namna hiyo. Yakiachwa yajiendee, mwenye nguvu huyanywa yote, na wa chini huambulia tope.

Kwa hiyo twashauri jambo moja dogo. Januari ikianza, watu wa nyumba wakae pamoja na kalenda, kama mwalimu akaavyo na azimio lake la kazi. Kwanza waandike siku za kupumzika za kila mmoja: baba, mama, watoto, msichana wa kazi. Waangalie muhula wa shule, masika, msimu wa kahawa, na miezi ya wageni. Mwenye ajira aombe likizo yake kwa maandishi mapema. Likizo ndefu iwe na siku chache za mwanzo zisizo na kikao wala ujenzi. Kila juma liwe na nusu siku ambayo mama hapiki, na atakayepika ajulikane kwa jina lake. Kisha, katika nafasi zinazobaki, ndipo ziandikwe kazi.

Wako watakaosema kwamba huo ni uvivu uliopangwa. Lakini mvivu hapangi mapumziko. Hupumzika popote anapoikuta kazi. Anayepanga ni mtu aipendaye kazi yake kiasi cha kutaka kuifanya vema hata mwaka wa ishirini, na awapendaye jirani zake kiasi cha kutotaka wapokee ukali wa uchovu wake. Basi, ndugu, kama kalenda bado haina alama yoyote, tusingoje kazi iishe. Tuwaite walio jikoni waje nao waketi, tukaanze na siku zao.