Dhara ya Baa Wakati wa Maradhi: Je, Ni ya Mnywaji Peke Yake?

Limeletwa mbele ya darasa letu swali, na kwa kuwa walioliuliza ni zaidi ya mmoja, tumeona bora jawabu lake tulipige chapa humu lisomwe na wote. Swali lenyewe ni hili: maradhi ya korona yalipoenea, serikali za nchi nyingi zilifunga baa na vilabu vya pombe, kisha zikavifungua, kisha zikavifunga tena, na watu wakabishana sana juu ya jambo hilo. Je, Mwislamu, ambaye kwake baa imefungwa tangu hapo kwa hukumu ya dini yake, ana lolote la kuzingatia katika mabishano hayo? Au yamtosha kusema, "Hayo ni yao," akapita zake?

Wako katika sisi waliotaka tujibu kwa neno moja: pombe ni haramu, basi. Hilo ni kweli, wala halina mjadala baina yetu. Lakini aliyeuliza hakuuliza hukumu ya pombe. Ameuliza juu ya hatari ya kukaa pamoja wakati wa maradhi, na mtu akiulizwa njia ya Malindi haifai aonyeshe ya Voi. Tena sasa ndio wakati mzuri wa kuliangalia jambo hili. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha. Hofu imetulia, na mtu aweza kupima mambo kwa mizani iliyo sawa. Maradhi ya namna ile hayakuwa ya kwanza duniani, na hapana aliyetupa ahadi kwamba ni ya mwisho.

Natutazame kwanza yaliyotokea. Katika milima ya Tirol, nchi ya Austria, kuna kijiji kiitwacho Ischgl. Watu wa Ulaya huenda huko wakati wa baridi. Mchana huteleza juu ya theluji, na jioni hujazana katika baa wakanywa na kuimba. Mapema mwezi wa Machi 2020 serikali ya Aislandi ilitoa onyo kwamba watu wake waliorudi kutoka kijiji hicho wamerudi na maradhi. Tarehe 7 Machi mhudumu wa baa moja ya hapo akapimwa akaonekana anayo. Hata hivyo baa ile haikufungwa palepale, na bonde zima halikuwekwa karantini mpaka tarehe 13. Siku hiyo wageni kwa maelfu wakaondoka kwa haraka, wakatawanyika makwao na walichokichukua vifuani. Mwezi wa Aprili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Innsbruck walipima damu za wenyeji, wakaona alama za maradhi katika asilimia 42 ya watu. Kijiji kidogo cha milimani kikawa ndio chemchemi ya maradhi kwa miji ya Ujerumani, Denmark na Norway.

Kwa nini baa, wala si soko au shamba? Sababu yake yafahamika hata kwa asiyekuwa tabibu. Maradhi haya hupita kwa pumzi. Mtu azungumzapo hutoa matone madogo mno, na apazapo sauti hutoa mengi zaidi. Baa ni chumba kilichofungwa. Muziki hupigwa kwa nguvu, na kila mtu hulazimika kumpigia mwenziwe kelele sikioni. Barakoa haivaliki na glasi mdomoni. Watu hawaingii wakatoka, bali hukaa saa nne na tano. Na juu ya yote hayo, kila glasi inayopita huondoka na sehemu ya hadhari: aliyeingia saa kumi na mbili akakaa mbali na wenziwe, ikifika saa tatu utamwona amemkumbatia asiyemjua jina.

Hapo ndipo pombe ilipoongeza lake. Haikuyaleta maradhi; ilimwondoa mlinzi mlangoni. Wanazuoni wetu wametaja kuhifadhi nafsi na kuhifadhi akili katika makusudio makubwa ya sharia, na aghlabu tumeyasoma mambo hayo mbalimbali, kila moja na mlango wake. Mwaka 2020 yalionekana kwa macho kuwa yamefungamana: akili ya mmoja ikilegea, nafsi ya mwingine, ambaye hata hakuwapo, huangamia.

Basi mas'ala yetu ni huyu ambaye hakuwapo. Kwa miaka mingi mnywaji amekuwa na hoja moja anayoiona ngome: mwili ni wangu, fedha ni zangu, na nikiumia nimejiumiza. Hoja hii tangu zamani ilikuwa dhaifu, kwani mke na watoto wake walijua ni nani aliyelipa. Lakini wakati wa maradhi ilianguka yote. Kijana mwenye afya aliyekwenda baa huenda asijue hata kama ameugua. Akikohoa siku mbili amepona. Mwenye kuzikwa ni mama yake mwenye kisukari aliyekuwa ndani ya nyumba siku zote. Au ni mhudumu aliyemletea kinywaji, ambaye hakufuata starehe, alifuata mshahara. Au ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mtu aweza kuihatirisha nafsi yake akasema ni yake. Kwa idhini ya nani ameihatirisha ya mama yake?

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme na la upande wa pili. Qurani yenyewe, ilipotaja ulevi na kamari kabla ya kuviharimisha kabisa, haikukanusha kwamba vina manufaa kwa watu. Ilisema dhambi yake ni kubwa kuliko nafuu yake. Nasi tusijifanye hatuioni nafuu hiyo. Katika miji ya Uingereza yuko mzee aliyefiwa na mkewe, watoto wake wako mbali, na mahali pa pekee anapoitwa kwa jina lake ni baa ya mtaani kwake. Baa zote za nchi ile zilipofungwa jioni ya tarehe 20 Machi 2020, mzee huyo hakukosa bia tu, alikosa watu. Upweke ni maradhi pia. Asiyelifahamu hili hatafahamu kwa nini watu wazima wenye elimu walirudi kwa furaha tarehe 4 Julai milango ilipofunguliwa, wala kwa nini serikali yao ilikwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu aliyepotea: Agosti ikawalipia watu nusu ya bei ya chakula mikahawani, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano, Septemba ikaamuru mikahawa na baa zifungwe saa nne usiku, Desemba katika baadhi ya miji ikasema pombe isiuzwe ila pamoja na mlo kamili, mawaziri wakaanza kutafutana kama yai lililofunikwa kwa nyama ni mlo au si mlo. Kichekesho hicho kina ibra ndani yake. Mtu akitaka jambo kwa moyo wake, huacha kuuliza kama lina dhara, akaanza kuuliza kama laweza kuingizwa ndani ya ruhusa.

Ndugu zetu Waislamu wa kaskazini ya nchi ile walipata mtihani wao. Usiku wa tarehe 30 Julai 2020, saa chache kabla ya Idi ya Adh-ha, ilitangazwa kwamba katika Manchester na vitongoji vyake, na sehemu za Lancashire na Yorkshire, watu wa nyumba mbalimbali wasikutane majumbani. Baa katika sehemu nyingi za huko zilibaki wazi kwa anayekwenda na watu wa nyumba yake. Wengi waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Tangazo la usiku wa Idi ni tangazo la mtu asiyejua jirani yake anaishi vipi. Lakini wako waliolifanya neno hilo kuwa hoja: ikiwa baa zi wazi, kwa nini nisiwakusanye jamaa zangu kwa babu? Twasema hoja hii ni batili. Udhalimu wa tangazo haukuifanya pumzi ya mjukuu kuwa safi. Mlango wa mwingine kuachwa wazi kwa makosa si dalili kwamba wangu una salama.

Nasi wa Kenya tusije tukadhani kisa hiki ni cha Wazungu na theluji yao. Mwezi wa Machi 2020 serikali yetu ilifunga baa, na ibada za jamaa zikasimamishwa. Wako waliolalamika kwamba msikiti umelinganishwa na kilabu. Sisi hatuoni aibu katika hilo: virusi havina dini, na aliyefunga alitazama mkusanyiko. Na ukweli usemwe, misikiti ilifunguliwa tangu Julai kwa watu mia na kwa muda wa saa moja, ilhali baa zilingoja mpaka tarehe 29 Septemba.

Kisha ikaja Mei 2020, katikati ya Ramadhani. Sehemu mbili za nchi ndizo zilizofungwa, mtu asiingie wala asitoke: Eastleigh katika Nairobi, na Mji wa Kale wa Mombasa. Natusimame hapa kidogo. Hizi ni sehemu za minara na vyuo. Si mahali mtu angekwenda kutafuta kilabu. Basi maradhi yalipita wapi? Yalipita katika nyumba zilizosongamana, katika kahawa barazani, katika bao na karata, katika matanga na arusi. Kikombe kimoja cha kahawa kikizungushwa kwa watu sita katika kichochoro kisicho na upepo, tofauti yake na glasi ya bia mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa mno. Mbele ya maradhi haina. Haya ndiyo mazingatio ambayo Mwislamu angeyakosa lau angepita zake. Aliyeiona hatari ya baa kuwa yatokana na uharamu wa pombe peke yake alijipa amani ya uongo katika baraza yake ya halali.

Na maneno yalikuwa yaleyale. Mlevi alisema, "Siku ikifika imefika." Na mcha Mungu barazani akasema hivyohivyo, akadhani kwake ni tawakali. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alishauriana na wenziwe, akarudi na jeshi lake. Na Abu Ubaida alipomuuliza kama anaikimbia kadari, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari yake nyingine. Na Mtume S.A.W. alimtaka aliyekula kitunguu thaumu kibichi akae mbali na msikiti, asiwaudhi watu kwa harufu. Ikiwa harufu yatosha kumwondoa mtu safuni, pumzi yenye kuua yatosha zaidi.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ndilo lililotuchukua mikutano miwili ya darasa. Yuko kijana wa Kiislamu anayekunywa kwa siri, ng'ambo ya mji, mahali asipojulikana. Hatusemi ni wengi wala wachache, wako. Akishikwa na homa, tabibu atamuuliza: ulikuwa wapi, na nani? Naye kwa kuwaogopa wazee wake atasema, "Nilikuwa msikitini." Hapo waliosali naye watasumbuliwa bure, na waliokaa naye chumba kimoja usiku mzima hawataambiwa neno, wataendelea kuwaambukiza watu wao.

Sharia imemuamuru mtu ajisitiri, asiitangaze dhambi yake. Sharia hiyohiyo imekataza kudhuru. Lipi litangulie? Twaona kwamba stara iliwekwa ili maovu yasienee na mlango wa toba usifungwe. Haikuwekwa kuwa pazia la kumdhuria mtu nyuma yake. Wanazuoni wameruhusu kutajwa aibu ya mtu kwa haja, kama anapoulizwa mwenye kujua juu ya anayeposa. Basi kuokoa roho ni haja kubwa zaidi. Kijana huyu ni wajibu wake amwambie tabibu mahali, saa, na watu aliokuwa nao. Hakuna alichowajibishwa kumwambia imamu, wala mtaa. Wala hata tabibu hahitaji kujua glasi ilikuwa na nini. Anachotaka ni chumba na waliokuwamo.

Na upande wa pili wa wajibu huu u juu ya jamaa. Mwezi wa Mei 2020 katika mji wa Seoul, Korea Kusini, maradhi yalizuka katika vilabu vya usiku, na baadhi ya hivyo vilikuwa vya watu ambao jamii ya huko huwabeza. Waliokuwamo wakajificha. Serikali haikuwatisha tu. Iliruhusu mtu apimwe pasipo kutaja jina lake, na waliojificha wakajitokeza. Hatukuiridhia vilabu vile, lakini hekima ile twaikubali. Katika miji yetu yako mahatibu ambao, wakisikia fulani ameonekana baani, humfanya mada ya Ijumaa. Matokeo yake si kwamba vijana wameacha kunywa. Wamejifunza kusema uongo vizuri zaidi, na wakati wa maradhi uongo huo ulikuwa na jeneza lake.

Ama ndugu aliyeuliza mwisho, kama kijana Mwislamu aliyekuwa akihudumu katika baa ya hoteli, akapoteza kazi baa zilipofungwa, alistahiki kupewa zaka: alistahiki kwa ufakiri wake, kama fakiri mwingine. Hukumu ya kazi ile yenyewe ni mas'ala mbali, nayo tumeyaweka kwa toleo lijalo, inshallah.