Mzee Asiyeweza Kuponywa: Ni Nani Mwenye Kumtunza?

Mtu akishikwa na homa, jamaa zake humpeleka kwa mganga wa hospitali; mganga humpa dawa, homa humtoka, naye hurudi shambani. Hapo kila mmoja aijua kazi yake. Lakini uzee hauna dawa. Mzee ambaye magoti yake yameishiwa nguvu, ambaye macho yake yameingia ukungu, asahauye jina la mjukuu aliyemlea mwenyewe, huyo hatarudi kuwa kijana. Basi swali lazuka: ikiwa hawezi kuponywa, mganga angali na kazi gani kwake? Na watoto wake je, wajibu wao waishia wapi?

Wako wanaojibu upesi: «Mganga ni wa kuponya, pasipo tumaini la kupona hakuna kazi.» Hata katika nchi zenye hospitali kubwa wengi waliwaza hivyo zamani. Huko Uingereza, mwaka 1935, mganga mwanamke aitwaye Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex karibu na mji wa London, alikabidhiwa nyumba ya maskini iliyokuwa jirani, yenye wagonjwa zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee waliolazwa muda mrefu, wasiotazamiwa kuamka tena. Yeye akawapima mmoja mmoja, kama mtu apimavyo mgonjwa aliyefika leo. Kumbe wengi walikuwa na maradhi yanayosaidika, na wengine walishindwa kutembea kwa sababu tu walikuwa wamelazwa siku nyingi mno! Akawainua, akawazoeza kusimama na kwenda; wengi wakaondoka kitandani, na baadhi yao wakarudi makwao. Baadaye aliandika akidai kwamba wanafunzi wa uganga wafundishwe kutunza wazee.

Jambo hili lastahili kufikiriwa sana. Wazee wale hawakupigwa wala hawakunyimwa chakula. Walilazwa, wakalishwa, wakafunikwa blanketi. Hata hivyo walidhulumiwa, maana mwili wa mzee ukilala siku chache tu, misuli yake hulegea, viungo hukakamaa, na ngozi ya mgongo na visigino huanza kuoza vidonda. Huruma iliyokosa maarifa yaweza kumfunga mtu kama kamba. Mtoto asemaye, «Mama, usiinuke, lala tu, sisi tutafanya yote,» adhani amheshimu mama yake. Kumbe amnyang'anya miguu yake. Heshima ya kweli humpa fimbo, humshika mkono, humwachia kazi anayoiweza: kuchambua maharagwe, kulinda moto, kuwasimulia watoto mambo ya ukoo.

Mwaka 1968 Ian McWhinney, mganga kutoka Uingereza, alikwenda Kanada, akawa profesa wa kwanza wa uganga wa jamaa katika nchi hiyo, kwenye chuo kikuu cha Western Ontario. Mwaka 1969 Marekani nayo ikaukubali uganga huo kuwa elimu ya pekee, yenye miaka 3 ya mazoezi baada ya masomo ya chuo. Fundisho kubwa la McWhinney lilikuwa hili: mganga wa jamaa amefungamana na mtu, si na ugonjwa. Aliyefungamana na ugonjwa huaga ugonjwa ukiisha, au ukimshinda. Aliyefungamana na mtu hana ruhusa ya kuaga kwa sababu dawa zimekwisha. Hapo ndipo penye jibu la swali la kwanza: kuponya ni sehemu tu ya kazi ya mganga, kutomwacha mtu ni kazi yake daima.

Kwa hiyo, katika vyuo vingi vinavyofundisha uganga huo, waganga vijana hupelekwa hata nyumbani mwa wazee. Huko hujifunza yasiyoonekana hospitalini. Je, mzee huanguka, na huangukia wapi? Dawa zake ni ngapi, na je, moja yazo ndiyo imtiayo kizunguzungu? Asikia? Ala nini? Ni nani amletea maji? Tena hujifunza kumwuliza mzee mwenyewe, badala ya kusema na watoto wake juu ya kichwa chake, kama vile yeye ni mzigo uliowekwa pembeni.

Hapa mwingine atapinga: «Mzee ni wa watoto wake. Amri ya nne waliamriwa watoto, si waganga.» Asema kweli, lakini nusu. Mtoto ana upendo na kukaa karibu. Mganga ana maarifa. Maarifa ya mganga hayamwondolei mtoto wajibu wake, wala upendo wa mtoto haujui peke yake sababu ya mguu kuvimba. Mwingine naye hukosa upande wa pili, asema: «Nimelipa hospitali, nimemaliza.» Huyo na akumbuke jinsi Bwana Yesu alivyowakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada, wakisema kwamba mali yao imekwisha kuwekwa wakfu. Fedha ya hospitali nayo yaweza kuwa udhuru wa namna ile ile.

Liko jambo zito zaidi. Kijijini, mama mzee akianza kusema maneno yasiyo na maana, kutembea usiku, au kuwashuku watoto wake kuwa wamemwibia, wako wanaonong'ona: «Ni mchawi.» Na maneno hayo yamewafukuza wazee nyumbani mwao, hata kuwaua. Yafaa kila mtu ajue haya. Kusahau kunakoongezeka mwaka kwa mwaka mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo. Mmoja wapo ulielezwa na mganga wa Ujerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Na mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, leo akaropoka, huenda ana malaria, au ugonjwa wa mapafu au wa mkojo, au amekosa maji, au amedhuriwa na dawa. Huyo apelekwe upesi kwa mganga, kwa maana mara nyingi husaidika. Amwitaye mchawi amefanya makosa mawili: amemsingizia asiye na hatia, na amemnyima msaada uliokuwapo.

Mwisho, asisahauliwe yule amtunzaye. Mara nyingi mzigo wote huwekwa juu ya binti mmoja au mke wa mwana, nao ndugu wengine huja kumsalimu mzee na kwenda zao. Kidole kimoja hakivunji chawa. Waganga wa jamaa hufundishwa kumtazama mtunzaji pia, kwani akianguka yeye, mzee naye huanguka. Ndugu na wagawane siku, kuni, maji na gharama.

Basi, wajibu wa kumponya mtu waweza kufika mwisho. Wajibu wa kumtunza hauishi maadamu yu hai.

Maswali ya kujiuliza
1. Katika kijiji chenu, ni mzee yupi asiyetoka nyumbani tena, na ni nani aliyemwuliza sababu?
2. Ni kazi gani aliyonyang'anywa kwa huruma, ambayo angali anaiweza?
3. Ni nani amtunzaye, na ni nani ampumzishaye huyo mtunzaji?