Mwalimu Anayesoma Maneno ya Mwingine

Februari 2017 Mahakama Kuu ya Busia iliunga mkono uamuzi wa bodi ya elimu ya kaunti wa kufunga shule 10 za Bridge International Academies kwa kutotimiza viwango. Ng'ambo ya mpaka, Novemba 2016, Mahakama Kuu ya Uganda ilikuwa imekwisha kuruhusu shule 63 za ukoo huo huo zifungwe. Ukoo wenyewe ulizaliwa Nairobi mwaka 2009, shule ya kwanza ikiwa Mukuru kwa Njenga, ukaenea upesi kwa karo nafuu. Mahakama ziliamua juu ya leseni na viwango, ndiyo kazi yao. Kuna swali ambalo halikuwa lao: mwalimu ni nani?

Katika shule za Bridge mwalimu hushika kishikwambi mkono mmoja na chaki mkono wa pili. Somo limeandikwa kwingine: aseme nini, aandike nini ubaoni, asubiri kwa muda gani. Sioni kosa katika karo. Shule za misheni zilitoza, na mwalimu wa madrasa hupewa ada yake. Wala kosa si kusoma maandishi ya mwingine. Mwalimu wa madrasa hukaririsha Kurani asiyoweza kuigeuza hata herufi, lakini mtoto akikosea matamshi humsimamisha, humrudisha mwanzo wa aya, na wenzake wakangoja. Maandishi si yake. Mwendo ni wake. Kishikwambi kimechukua na mwendo. Mtoto wa Kocholia, huko Busia, anayeuliza kwa Kiteso anaeleweka vizuri na mwalimu aliye mbele yake, ila aliyeandika somo hakumjua, na dakika zimekwisha kugawiwa. Akili ya mtoto ni amana, na aliyekabidhiwa amana hawezi kuijibia ikiwa hakuachiwa kuamua lolote juu yake.

Wako watakaosema haya ni maneno ya walioshiba. Mwalimu huru asiyeingia darasani ana faida gani? Tena mwanauchumi Michael Kremer, aliyefanya utafiti wa dawa za minyoo katika shule za Busia kabla ya kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, alishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2022: wanafunzi wa msingi wa Bridge walijifunza kwa miaka 2 kiasi ambacho wenzao kwingine wangehitaji karibu 3. Hilo silipuuzi hata kidogo. Mtoto wa mchuuzi wa Malaba akijua kusoma mapema, maisha yake yamebadilika. Lakini kilichopimwa ni mfumo mzima, pamoja na saa nyingi za masomo na usimamizi wa karibu. Utafiti haukuonyesha kwamba faida ilitokana na kumfunga mwalimu mdomo. Mwandalie somo zuri, msimamie, kisha umwachie ruhusa ya kusimama mtoto anapokwama.

Kipimo hiki cha kuwajibika hakiiachi serikali nje. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ofisi inayofunga shule 10 inachukua mikononi mwake watoto waliokuwa ndani, na mzazi wa Kocholia ana haki ya kuiuliza, kwa jina la mtoto wake, Jumatatu ya kwanza baada ya shule kufungwa aliingia darasa gani na alifundishwa na nani.