Shahidi wa Uongo katika Biblia

Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo, iliyomo katika Kutoka 20 na kurudiwa katika Kumbukumbu la Torati 5, ililenga kwanza baraza la hukumu. Katika Israeli ya kale wazee waliamua kesi langoni pa mji, na mara nyingi ushahidi wa mdomo ndio uliokuwa msingi wa hukumu. Mwongo mmoja aliweza kumpotezea mwenzake mali, heshima au uhai.

Kwa hiyo Torati iliweka kinga. Shahidi mmoja hakutosha; walitakiwa wawili au watatu. Mshtakiwa akihukumiwa kufa, mashahidi ndio waliotangulia kumrushia mawe. Aliyebainika kuwa mwongo alipewa adhabu ileile aliyotaka mwenzake aipate, na waamuzi waliagizwa kuchunguza kwa bidii.

Agizo hilo la mwisho lina uzito wake, kwani idadi ya mashahidi peke yake yaweza kughushiwa. Katika 1 Wafalme 21, Nabothi wa Yezreeli alikataa kumpa mfalme Ahabu shamba la mizabibu alilorithi kwa baba zake. Malkia Jezebeli akaagiza watu wawili wadai kwamba Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Idadi ilitimia, Nabothi akapigwa mawe, na Ahabu akatwaa shamba. Habari ya Susana, ambayo Wakatoliki na Waorthodoksi huisoma katika Danieli 13 na Waprotestanti huihesabu katika Apokrifa, inaonyesha uchunguzi ukifanya kazi yake. Danieli aliwatenganisha wazee wawili waliomsingizia Susana uzinzi, akamwuliza kila mmoja tendo lilifanyika chini ya mti gani. Wakataja miti tofauti, na kifo walichomtakia kikawapata wao.

Katazo hilo halikuishia barazani. Walawi 19 inakemea udanganyifu na usengenyaji. Methali 6 inataja ulimi wa uongo na shahidi wa uongo miongoni mwa mambo saba anayoyachukia Mungu. Katika Mathayo 5 Yesu anataka neno la mtu liaminike bila kiapo, na Waefeso 4 inawahimiza waamini kusemezana kweli kwa kuwa wao ni viungo vya mwili mmoja.

Limebaki swali la uongo wa kuokoa uhai. Wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao aliyeamuru watoto wa kiume wa Waebrania wauawe, na Rahabu wa Yeriko akawaficha wapelelezi wa Israeli na kuwadanganya waliowatafuta. Wote walipata mema. Augustino, mwanateolojia wa Kanisa la kale, alishikilia kwamba kila uongo ni dhambi: wakunga walituzwa kwa huruma yao, si kwa uongo wao. Yohane Kasiano, mtawa wa zama zake, aliuona uongo kama dawa yenye sumu, ambayo mgonjwa mahututi pekee huruhusiwa kuinywa. Karne ya 13 Thomas wa Akwino alikubaliana na Augustino, ila akapambanua uongo wa kudhuru, wa mzaha na wa kusaidia, akiuona wa kudhuru kuwa mzito kuliko yote. Mabishano hayo yahusu uongo wa kuokoa. Uongo wa kumwangamiza jirani hakuna kati yao aliyeutetea.