Je, Yafaa Kumnena Vibaya Aliyekufa?

Yako maneno mawili ambayo husikiwa kila mara afapo mtu mkubwa aliyekuwa na adui wengi. Moja husemwa mbele ya watu: marehemu hasemwi, tumwachie Mungu. La pili husemwa kwa sauti ndogo nyuma ya nyumba ya msiba: afadhali ameondoka. Waalimu wa sharika wanayajua yote mawili, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaosimama kaburini kusoma habari za marehemu, hali watu aliowadhulumu wamesimama papo hapo, wakingoja kusikia yatakayosomwa na yatakayorukwa. Swali hili si la nchi moja, wala si la siku hizi. Tunapenda kulitazama kwa habari za mtu mmoja wa Marekani, George Pullman, tajiri wa mabehewa ya reli, aliyekufa Chicago tarehe 19 Oktoba 1897, mwenye umri wa miaka 66.

Tumemchagua huyu kwa sababu ya kaburi lake. Jeneza la Pullman lilifunikwa kwa karatasi za lami, likapakwa lami, likateremshwa katika shimo kubwa ambalo sakafu yake na kuta zake zilikuwa za zege. Kisha ikamwagwa zege nyingine kulizunguka. Juu yake vikalazwa vyuma vya reli, vikafungwa pamoja. Na juu ya vyuma ikamwagwa zege tena. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Jamaa zake walifanya hivyo kwa kuogopa kwamba wafanya kazi aliowaajiri wangemfukua na kumwaibisha. Mwandishi Ambrose Bierce anasimuliwa kuwa alifanya mzaha mkali, akasema kwamba jamaa wanataka kuwa na hakika mtu huyo hatainuka tena. Watu walicheka. Lakini hebu tufikiri: ni chuki ya namna gani inayowafanya watoto wa mtu wamlinde baba yao kwa vyuma vya reli baada ya kufa?

Pullman alizaliwa mwaka 1831 katika jimbo la New York. Mwaka 1867 aliiweka kampuni yake ya mabehewa ya kulala, ambamo msafiri wa mbali aliweza kujinyosha kitandani na kuhudumiwa kama katika hoteli. Mabehewa yalikuwa mali yake, naye aliyakodisha kwa makampuni ya reli pamoja na watumishi wake. Akatajirika sana. Mwaka 1880 alianza kujenga mji kusini ya Chicago kwa ajili ya kiwanda chake na wafanya kazi wake, akauita kwa jina lake mwenyewe. Kwa haki yatupasa kuusifu mji ule. Nyumba zilikuwa za matofali, zenye maji na mifereji ya uchafu, wakati maskini wengi wa Chicago walipokuwa wakikaa katika vibanda vinavyonuka. Palikuwa na maktaba, bustani, soko na nyumba ya michezo. Walakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kununua nyumba yake humo. Kila kitu kilikuwa cha kampuni, na kila kitu kilipaswa kuleta faida, hata kanisa.

Habari ya kanisa hilo inatuhusu sisi, nasi twataka kuitaja. Pullman alijenga kanisa zuri la mawe ya rangi ya kijani, moja tu kwa madhehebu yote, akataka kodi kwa atakayelitumia. Kodi ilikuwa kubwa kupita uwezo wa sharika za wafanya kazi, na jengo likakaa tupu kwa miaka. Madhehebu yenyewe hayakupatana kulitumia pamoja, na hilo si kosa la Pullman. Lakini mtu anayejenga nyumba ya sala na kuihesabu pamoja na maduka yake ameonyesha jambo fulani juu ya moyo wake, naye aliionyesha mapema, kabla ya shida yo yote kutokea.

Shida ilikuja mwaka 1893, biashara ya Marekani ilipoanguka. Kampuni ilipunguza ujira, na kwa jumla upungufu ulikuwa kama robo. Kodi ya nyumba haikupunguzwa. Wenye hisa waliendelea kupata faida yao ya asilimia 8 kama zamani. Mchungaji wa Kimethodisti wa mji ule, William Carwardine, ameandika kwamba mfanya kazi mmoja, baada ya kodi kukatwa, alipewa hundi ya senti 2. Wala hakwenda kuibadili kwa fedha, bali aliitia katika fremu na kuiweka kuwa ukumbusho. Mwezi wa Mei 1894 wajumbe wa wafanya kazi walikwenda kwa wakubwa kueleza dhiki yao, na mara watatu miongoni mwao wakaachishwa kazi. Tarehe 11 Mei mgomo ukaanza. Mwisho wa Juni chama cha wafanya kazi wa reli, ambacho kiongozi wake alikuwa Eugene Debs, kiliwaambia watu wake wasiyaguse mabehewa ya Pullman, na reli nyingi za nchi zikasimama. Rais Cleveland akapeleka askari. Watu kama 30 waliuawa, na Debs akafungwa miezi sita. Wakati huo wote wapatanishi walimwendea Pullman na kumsihi akubali kusuluhishwa, naye alijibu kwamba hakuna neno la kusuluhishwa.

Miaka mitatu baadaye akafa, nao watu wakagawanyika kama tulivyosema mwanzo. Matajiri wenzake walimsifu kuwa mjenzi na mtu wa akili nyingi. Wale walioona njaa mwaka 1894 hawakuwa na machozi kwa ajili yake.

Hatutaki kuwahukumu upesi hao waliofurahi. Mtu aliyeshiba ni mwepesi wa kumfundisha mwenye njaa adabu za msibani. Mwanamke aliyeuza kitanda chake ili alipe kodi hapaswi kuambiwa na sisi kwamba amlilie mwenye nyumba. Ila twauliza: furaha ile iliwapa nini? Pullman aliondoka, na kampuni ikabaki. Mahali pake akaja Robert Lincoln, mwana wa yule Rais Abraham Lincoln aliyewatangazia watumwa uhuru, na mambo yakaendelea vile vile. Kodi haikushuka kwa kuwa mzee amekufa. Kilichouondoa mji mkononi mwa kampuni ni hukumu ya Mahakama Kuu ya jimbo la Illinois ya mwaka 1898, iliyosema kwamba kampuni ya mabehewa haina ruhusa ya kumiliki mji, basi iuuze.

Tena walikuwako watu ambao katika habari za mgomo hawatajwi sana: watumishi weusi wa mabehewa, ambao wengi wao hapo mwanzo walikuwa wametoka katika utumwa. Walitandika vitanda, walipiga viatu rangi, walikesha usiku, na sehemu kubwa ya chakula cha watoto wao ilitoka katika bakshishi za abiria. Abiria waliwaita wote George, kwa jina la bwana wao, kama vile zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la mwenye kumiliki. Chama cha Debs chenyewe kilikuwa kimewakatalia weusi wasiingie. Watu hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na kampuni ikatia sahihi mapatano nao mwaka 1937, yaani miaka 40 baada ya Pullman kuzikwa. Kwa miaka hiyo 40 waliendelea kuitwa jina la mtu aliyelala chini ya zege. Ndiyo maana twasema kwamba kumchukia mtu mmoja hata kufurahia kifo chake kwaweza kumpofusha mtu. Huona adui ameanguka, asione kwamba nira ingali shingoni, na pengine yeye mwenyewe ameishika ncha moja.

Basi tunyamaze? Wengine wangependa tuseme ndiyo, kwa heshima ya wafu. Desturi hiyo ni njema, nasi tuliilelewa. Inawazuia watu kupigana juu ya jeneza, nayo inamhurumia mjane na yatima ambao hawakupunguza ujira wa mtu. Lakini desturi njema ina mpaka wake. Kutukana ni jambo moja, na kushuhudia ni jingine. Akisimama mtu msibani na kusema kwamba marehemu aliwapenda wafanya kazi wake kama watoto, ile hundi ya senti 2 inageuzwa kuwa uongo, na yule aliyeitia katika fremu anaonekana mshenzi asiye na shukrani. Kumsifu dhalimu kwa mambo ambayo hakuyatenda ni kuwadhulumu watu wake mara ya pili, tena sasa mbele ya kanisa.

Wala ukweli wenyewe hauko upande mmoja. Katika wosia wake Pullman aliacha dola 1,200,000 ili ijengwe shule ya kazi za mikono kwa watoto wa watu wa mji ule, nayo ikafunguliwa mwaka 1915. Wanawe wawili aliwaachia dola 3,000 tu kwa mwaka kila mmoja, akiandika kwamba hawajaonyesha kuwa wanaweza kuchukua madaraka. Waliompenda wasifiche mgomo, na waliomchukia wasifiche shule. Mtu huyo alipenda kutoa, ila hakupenda kuombwa. Na yule aliyemwomba kilicho haki yake alimwona kuwa mwasi. Watu wa namna hiyo twawafahamu, wala hawako katika reli peke yake.

Katika Maandiko tunalo jambo linalotusaidia hapa, nalo ni habari za Daudi na Sauli. Daudi alipopata habari kwamba Sauli amekufa vitani, alirarua mavazi yake, akamfanyia maombolezo, wala katika maombolezo hayo hakutaja hata mara moja jinsi alivyofukuzwa nyikani. Watu hupenda kulitaja hilo ili kuwanyamazisha wenye malalamiko. Lakini wanasahau yaliyotangulia. Kule pangoni Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli; na Sauli alipotoka nje, Daudi alimwita kwa nyuma, akauinua ule upindo, akamwambia wazi, mbele ya majeshi, kwamba anamwinda mtu asiye na hatia. Alimwambia hali akiwa hai, mwenye mkuki na askari. Kwa hiyo Sauli alipokufa, Daudi hakuwa na deni la maneno. Aliweza kulia.

Sisi twaona kwamba shida kubwa ya misiba ya namna hii inatoka hapo. Wengi wanaopaza sauti juu ya kaburi ni wale walionyamaza mlangoni, na wengi wanaotaka watu wanyamaze kaburini walinyamaza hapo napo. Carwardine hakuwa mmoja wao. Alihubiri habari ya dhuluma ile mwezi uleule wa Mei 1894 mgomo ulipoanza, katika mji ambao kila jengo lilikuwa la mtu aliyemhubiri, akaandika kitabu mwaka huohuo. Mtu kama huyo, akiitwa kumzika Pullman, angeweza kusoma ibada ya maziko kwa sauti iliyotulia, pasipo kusifu na pasipo kulaani. Mwalimu ambaye hakumwonya tajiri wa kijiji chake kwa miaka 20 asitafute kujisafisha siku ya maziko kwa kusoma makosa yake mbele ya mjane. Na asitafute kujificha kwa kusoma sifa. Asome jina, miaka na kazi aliyoifanya, akae. Halafu mwezi ujao aende kwa mrithi, aseme naye habari za ujira.

Alikuwako na mwanamke, Jane Addams, mwanzilishi wa nyumba ya Hull House huko Chicago iliyowasaidia maskini na wageni. Wakati wa mgomo alikuwa mmoja wa wapatanishi waliokataliwa. Baadaye aliandika maneno akimfananisha Pullman na Lear, yule mfalme mzee wa mchezo wa Shakespeare aliyewagawia binti zake ufalme akataka walipe kwa maneno matamu, akamfukuza yule aliyesema kweli. Alimlaumu Pullman kwamba aliwatendea watu mema pasipo kuwauliza wanataka nini, kisha akadai shukrani. Lakini hakuishia hapo. Aliwaambia na wafanya kazi kwamba kama vile yule binti alivyokosa kwa kutafuta heri yake pasipo baba yake, ndivyo na wao: ukombozi wao hautakamilika kama haumo ndani yake hata yule tajiri. Magazeti yaliyapokea maandiko hayo yakakataa kuyachapa, nayo hayakuchapwa hata mwaka 1912, Pullman akiwa kaburini miaka 15. Lakini Addams alikuwa amekwisha kuyasoma mbele ya watu mwaka 1896, katika Chicago yenyewe, hali Pullman angali hai.